Ngwe ya Mrushaji, Magoti ya Mdakaji

Mkienda sokoni Tengeru siku ya Jumamosi, msikimbilie kwanza kwenye miwa. Simameni kidogo pale yanapoegeshwa malori ya matikiti maji, mtazame kazi ya watu wawili. Mmoja yuko juu ya gari, miguu imezama kwenye mzigo. Mwenzake yuko chini, magoti kayakunja kidogo, viganja viko mbele ya kifua. Wa juu anaokota tikiti, analirusha. Wa chini analidaka, analilaza kwenye majani makavu ya mgomba, na viganja vimesharudi palepale kabla la pili halijaondoka. Hawasemezani. Gari zima linashuka hivyo, na tikiti lililopasuka hulioni.

Mimi niliifanya kazi hiyo nikiwa kijana, msimu mmoja. Siku ya kwanza matatu yalinipasukia miguuni, na yote matatu yalikatwa kwenye ujira wangu. Mzee aliyekuwa juu ya gari hakunifokea. Alipunguza mwendo, akaanza kunirushia usawa wa tumbo, akaniambia, "Usitazame tikiti. Tazama bega langu. Bega ndilo linalosema tikiti linakwenda wapi." Kufika saa sita mchana nilikuwa nadaka kama mtu aliyezaliwa sokoni, na mwenye mzigo akanisifu mbele ya watu. Alinisifu mimi. Yule mzee hakutajwa. Jambo hilo halijanitoka moyoni mpaka leo, ndiyo maana mliponiletea ile simu Jumapili nilikaa kimya muda mrefu.

Kwenye simu kulikuwa na kijana wa Uganda, Dennis Kasumba, mdakaji wa besiboli, amechuchumaa kwenye udongo, anafanya mazoezi na matairi ya gari, anadaka, anainuka, anarudi chini, anadaka tena. Mjukuu wangu wa kike akauliza: babu, kwa nini anachuchumaa hivyo, na kwa nini ajitese kiasi hicho kwa kazi ya kudaka tu? Chalii mmoja akadakia kwamba yeye angekuwa mrushaji, kwa sababu mrushaji ndiye anayeonekana.

Haya, kaeni. Jibu lake si la dakika moja.

Rede mnaijua wote, na wavulana msijifanye kwamba ni mchezo wa dada zenu. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, mmoja yuko katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Sasa besiboli ni picha hiyohiyo, ila mgeuze mambo mawili. Wa katikati hakwepi. Ana gongo mikononi, anataka kuupiga mpira uende mbali ili apate nafasi ya kukimbia kutoka kituo hadi kituo. Na yule wa upande wa pili harushi. Anadaka, amechuchumaa nyuma ya mpigaji, usoni kavaa kinga ya chuma, kifuani kinga, miguuni kinga. Mrushaji na mdakaji ni wa timu moja. Wa katikati ndiye mpinzani wao. Kazi yao wawili ni kumpitishia mpira mbele ya macho asiuguse. Akikosa mara tatu, ametoka.

Kutoka kwa mrushaji hadi pale pa kupigia ni mita 18.44. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 145 hivi, mgumu kama embe bichi, na wapo warushaji wa ligi kuu ya Marekani wanaoutupa kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa na zaidi. Hesabuni wenyewe: unafika kabla nusu sekunde haijaisha. Ukipepesa jicho, umeshapita.

Lakini acheni mrushaji kwa sasa, mtazameni huyo aliyechuchumaa. Timu inayorusha ina watu tisa uwanjani. Wanane wanatazama upande mmoja, kwa mpigaji. Wa tisa peke yake ndiye anayewatazama wote wanane. Anaona nani kasimama vibaya, nani kachoka, nani wa upande wa pili anataka kuiba kituo. Na yeye ndiye anayependekeza mrusho: wa kasi, wa polepole, wa kupinda, au wa kuzama. Kwa miaka mingi alipendekeza kwa vidole, amevificha katikati ya mapaja ili mpinzani asisome. Tangu 2022 ligi kuu imeruhusu kifaa kidogo chenye vitufe kinachopeleka ujumbe kwenye kofia ya mrushaji. Kifaa kimebadilika, kazi haijabadilika. Bado ni lazima kichwa fulani kikumbuke kwamba mpigaji huyu aliadhibiwa na mpira wa chini mwezi uliopita, na leo atakuwa anausubiri.

Upo mrusho mmoja ambao mkiuelewa huo mmeelewa kila ninachotaka kuwaambia. Mpira unaondoka mkononi kama unaokwenda kifuani, halafu karibu na mpigaji unazama hadi udongoni. Mpigaji anapiga hewa. Ni silaha kali. Ila mpira uliogonga udongo unaruka kwa namna usiyoijua, na ukimponyoka mdakaji, wapinzani waliosimama vituoni wanasogea mbele bure. Kwa hiyo mrushaji asiye na imani na mdakaji wake hathubutu kuurusha. Anarusha ule mwepesi, ulionyooka, na ule ndio unaopigwa hadi nje ya uwanja. Watu kwenye viti watasema mrushaji kaharibu. Hawajui kwamba alikuwa na silaha mfukoni na hakuthubutu kuitoa, kwa sababu ya mtu wa nyuma. Mdakaji anayeaminika anauzuia mpira ule kwa kifua, kwa shingo, kwa mapaja, mara mia, bila mtu kupiga makofi, na mrushaji wake anakuwa jasiri. Ujasiri wa mmoja unatoka kwenye magoti ya mwingine.

Magoti hayo yanaumia, msidanganyike. Mchezo mmoja una mirusho zaidi ya mia, na kila mrusho anashuka na kupanda.

Sasa turudi kwa mrushaji. Mechi ya besiboli ina vipindi 9. Mimi naviita ngwe, na watangazaji wetu wa mpira wa miguu nao husema ngwe ya kwanza, ngwe ya pili, sijui kama huwa mnajiuliza neno lilikotoka. Ngwe ni kamba ya kupimia shamba. Unapimiwa kipande chako, unaambiwa hiki ni chako, ulime ukimalize. Ukikiacha nusu, hakipotei. Mwenzako atakilima juu ya chake.

Mrushaji anayeanza mechi ndiye mwenye ngwe hizo. Timu ya ligi kuu ya Marekani inacheza mechi 162 katika muda wa miezi sita hivi, karibu kila siku, na mkono wa binadamu hauwezi kurusha kila siku. Kwa hiyo warushaji watano hivi wanapokezana, kila mmoja siku yake. Mwenye siku yake akianguka kwenye ngwe ya pili, wa akiba wanaitwa kulima saba zilizobaki. Kesho yake wa akiba wamechoka. Keshokutwa mechi waliyokuwa waishinde wanaipoteza, na wa kulaumiwa haonekani tena. Mrushaji mkongwe, hata siku mkono wake umekuwa mzito, hata akipigwa mbili tatu, analima sita, analima saba, anawaacha wenzake wakae. Anayesoma matokeo gazetini haoni kitu. Kocha anaona, na mdakaji anaona.

Nawapa watu wawili wa kweli. Adam Wainwright alikuwa mrushaji, Yadier Molina mdakaji, wote wa St. Louis Cardinals. Mwezi Oktoba 2006 walikuwa vijana tu, Wainwright na miaka 25, Molina 24. Mechi ya saba ya kuamua nani aende fainali, New York, uwanja umejaa, Cardinals wanaongoza 3–1 na anahitajika mtu mmoja tu atolewe. Lakini vituo vyote vitatu vimejaa wapinzani, na anayeingia na gongo ni Carlos Beltrán, mpigaji aliyekuwa akiogopwa sana mwaka ule. Molina akamfuata mrushaji wake, akamwambia waanze na mpira wa polepole badala ya ule waliokuwa wamepanga. Mpira wa tatu ulipinda kutoka juu ukaanguka ndani ya eneo, Beltrán akaganda, gongo liko begani. Wakaenda fainali, wakachukua ubingwa.

Hadithi nyingi huishia hapo, kwenye kelele. Mimi naona hapo ndipo inapoanza. Watu hao wawili waliendelea kuanza mechi pamoja kuanzia 2007 hadi 2022. Rekodi ya mrushaji na mdakaji walioanza mechi nyingi pamoja ilikuwa ya Mickey Lolich na Bill Freehan wa Detroit, mechi 324, tangu miaka ya sitini na sabini. Septemba 14, 2022 Wainwright na Molina walianza mechi yao ya 325, na walipomaliza msimu walikuwa na 328. Mmoja alikuwa na miaka 41, mwingine 40. Hesabuni nini kimo ndani ya namba hiyo: nyama iliyochanika ikapona, mwaka mmoja kano ya kisigino cha Wainwright ilikatika, kidole gumba cha Molina kikafanyiwa upasuaji, mikataba, usiku wa ndege, siku za kushindwa. Na kila mara, mtu yuleyule mbele ya mtu yuleyule. Hiyo 328 inanigusa kuliko ule mpira wa Beltrán, na ningependa iwaguse na ninyi.

Mwaka uliofuata Molina alikuwa amestaafu. Wainwright alirudi peke yake, na mwaka ule ulimwia mgumu sana: alipigwa, akaumia, akapoteza mechi mfululizo, miezi ikapita bado hajafikisha ushindi wake wa 200. Siwaambii kwamba ni kwa sababu mwenzake hayupo. Mwili wa mtu wa miaka 42 una hesabu zake. Septemba 18, 2023 alilima ngwe saba bila kuruhusu hata pointi moja, timu ikashinda 1–0, na ushindi wa 200 ukapatikana. Mkono ule haukurusha tena mechi nyingine ya ligi.

Mkongwe huchakaa, na mimi sisemi timu ijazwe wazee. Kijana mwenye kasi ni neema. Ila kasi inakwisha, na mtu akishaipoteza ndipo unapojua alikuwa na nini kingine. Jamie Moyer alikuwa na miaka 49 alipoipa Colorado Rockies ushindi, Aprili 17, 2012, na kuwa mrushaji mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kushinda mechi ya ligi kuu. Usiku ule hakuna mpira wake uliozidi kilomita 127 kwa saa. Kwa ligi ile huo ni mwendo wa baiskeli. Alilima ngwe saba kwa kujua wapi pa kuuweka na lini.

Hapa kwetu mnaye mtu wa namna hiyo, ingawa mchezo wake ni mbio. Alphonce Simbu, aliyeifanya Arusha kuwa mahali pake pa mazoezi, alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akachukua shaba ya dunia London mwaka 2017, halafu miaka ikapita, na wengi wakamsahau. Septemba 15, 2025, Tokyo, akiwa na miaka 33, alikimbia kilomita 42 nyuma ya wengine na mbele ya wengine bila papara, akaingia uwanjani na Mjerumani mbele yake, na kwenye hatua za mwisho kabisa akampita kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Wote waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Zile sehemu tatu za mia hazikutengenezwa Tokyo. Zilitengenezwa kwenye asubuhi nyingi za baridi huku kwetu, mkiwa bado mmelala.

Kwa hiyo namrudia Kasumba na matairi yake.

Uganda wameanza kabla yetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, mji wa miwa kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, walikwenda Williamsport, Marekani, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto. Waliwafunga watoto wa Oregon 3–2. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote wawili ni warushaji, na sishangai. Kasi ya mrushaji inapimwa kwa kifaa mchana mmoja, namba inatokea, mgeni anaiandika na kurudi kwao. Lakini utampima vipi mdakaji mchana mmoja? Utapima nini, kwamba anakumbuka? Kwamba mwenzake akitetemeka anajua aseme neno au anyamaze? Kasumba alichagua ile kazi isiyopimika upesi. Mwaka 2023 alifika Frederick, Maryland, kwenye ligi ya vijana wanaotaka kuonekana na timu kubwa.

Na kuna jambo linaloniuma kuhusu picha ile, ambalo ninyi hamkuliona kwa kuwa mlikuwa mnatazama matairi. Mkongwe hayupo. Mtoto wa St. Louis akikosea, pembeni yake pana mtu aliyekosea kosa hilohilo miaka ishirini iliyopita. Huku kwetu mchezo wenyewe ni mgeni. Tanzania uliingia mashuleni kwa msaada wa Wajapani, uwanja wake uko Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, na mashindano ya shule wakayapa jina la Koshien, uwanja maarufu wa Japani ambako vijana wa sekondari huchezea ubingwa wao. Glavu zinaweza kuletwa kwa meli. Mzee wa kukuambia tazama bega haletwi kwa meli. Ni lazima mtu fulani kati yenu abaki kwenye mchezo muda mrefu mpaka awe yeye.

Molina aliupata wapi mtaji wake? Baba yake, Benjamín, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani huko Puerto Rico. Jioni akitoka kazini alivuka barabara kwenda kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba, akawafundisha watoto wake na watoto wa jirani. Wana wake watatu, Bengie, José na Yadier, wote wakawa wadakaji wa ligi kuu, na wote watatu wana pete ya ubingwa. Familia nyingine ya namna hiyo haipo. Mwaka 2008 mzee Benjamín alianguka na kufariki, palepale kwenye uwanja wa watoto. Mfukoni walimkuta na kitabu cha sheria za mchezo na utepe wa kupimia.

Utepe wa kupimia, wajukuu zangu. Mtu mwenye wana watatu mabingwa bado alikuwa anahakikisha uwanja wa watoto wa mtaani una vipimo sawa.

Kila mwaka katikati ya Februari timu za Marekani hufungua kambi, na kwa desturi wanaotakiwa kufika kwanza ni warushaji na wadakaji. Wengine wanafuata baadaye. Ni mwezi ambao hapa Meru jua ni kali, vumbi la barabara ya Moshi linafika hadi jikoni, na wenye akili wameshaanza kutayarisha mashamba ya mahindi kabla masika hayajabisha hodi. Sina haja ya kuwaeleza kwa nini mdakaji anaitwa mapema. Mmeshawahi kuona mtu anayeanza kulima siku mvua inaponyesha.

Jumapili ileile, jua lilipopoa, tuliazima utepe wa seremala, tukakata kamba ya katani mita 18.44, tukaivuta kutoka kwenye mparachichi hadi karibu na banda la ng'ombe. Ilitushangaza sote kwamba ni mbali hivyo, na kwamba ni karibu hivyo. Wavulana wakagombania upande wa kurusha. Yule mjukuu wangu aliyeuliza kuhusu kuchuchumaa hakugombania chochote; alikunja kiroba, akakiweka chini ya mparachichi, akashuka.

Mpira wa soksi wa kwanza ulimpita. Akaufuata hadi kwenye migomba, akarudi, akashuka tena. Wa pili ukampiga begani. Wa tatu aliugusa ukamponyoka. Wa nne ulipokuwa bado mkononi mwa chalii, niliona macho ya mtoto yameuacha mpira.

Yalikuwa begani.